Kutembea msitu wa Arabuko-Sokoke na kupika kahawa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Likizo ikikaribia maswali huwa ni yale yale, yawe yanatoka Malindi, Watamu, Kilifi au Lamu. Watu wanataka kutembea msituni siku moja, kisha wakae chini wanywe kahawa iliyopikwa hapo hapo. Mengi yanahusu moto, kwa hiyo ya moto yamejibiwa kwa urefu. Mengine ni ya kupita tu.

Ni msitu upi hasa?

Arabuko-Sokoke, ule mnaoupita ndani ya matatu mkienda Mombasa. Una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndicho kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Zamani misitu ya namna hii ilifuata pwani kuanzia Somalia hadi Msumbiji. Leo imebaki viraka, na kiraka kikubwa kuliko vyote kiko hapa kwetu, mwendo wa nusu saa kutoka Malindi mjini.

Ukiingia usidhani ni msitu wa namna moja. Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu, ni mchanganyiko wa miti mingi, na mbambakofi wamo. Ukisonga ndani unaingia ukanda wa miti ya mirihi: mchanga mweupe, miti iliyoachana, jua linafika chini. Magharibi zaidi udongo unageuka mwekundu na vichaka vinafungana hata mtu hapenyi bila njia. Kwa matembezi ya siku moja mirihini ndiko kuzuri. Kuna nafasi ya kuona mbali na njia ni tambarare.

Nafikaje bila gari?

Panda matatu ya kwenda Mombasa, mwambie utingo akushushe kituo cha msitu cha Gede, mbele kidogo ya njia panda ya Watamu. Ukipanda ya Watamu utashuka njia panda na kumalizia kwa bodaboda au tuktuk. Kiingilio hulipwa kituoni. Ada hubadilika, na siku hizi malipo ya serikali hufanywa kwa simu, kwa hiyo njoo na simu yenye chaji na salio.

Naweza kuwasha moto mdogo tu ndani ya msitu, nikishachoka?

Hapana. Hata ule wa mawe matatu na sufuria moja.

Kwanza ni sheria. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto au kutupa kitu chenye moto katika msitu wa umma bila kibali. Askari wa msitu akikukuta hatakuuliza kama moto wako ni mkubwa au mdogo.

Pili, tazama chini unaposimama. Msitu huu ni mkavu, na sakafu yake ni majani makavu yaliyolaliana tabaka juu ya tabaka. Watu husema, "Nitafagia majani, niwashe penye mchanga." Basi juu ya hayo majani kuna mnyama anayeyategemea kwa kila kitu, naye ni sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba, na uzito wa kama nusu kilo. Hutafuta wadudu kwa kupekua majani hayo, na kitanda chake ni hayo hayo, lundo analolikusanya chini ambalo wewe unaweza kulikanyaga usijue. Tena hana lundo moja, huwa nayo kadhaa na huhamahama. Sange huyu hapatikani penginepo duniani isipokuwa misitu michache ya pwani yetu, na wengi wao wamo humu. Sasa wewe na ufagio wako wa matawi unafagia nini?

Tatu, moto una tabia ya kuingia kwenye mizizi mikavu na visiki. Juu unaona majivu, chini kaa linatembea polepole. Mtu anaondoka ameridhika, na upepo wa alasiri unamalizia kazi.

Kwa hiyo kahawa naipikia wapi?

Kituoni Gede. Hapo pana uwanja wa kupumzikia na kupigia kambi. Ukifika asubuhi, kabla ya kuanza kutembea, muulize afisa wa zamu mambo mawili: kama leo moto unaruhusiwa, na uweke wapi. Usiulize baada ya kurudi na sufuria mkononi. Wakati wa ukame anaweza kukataa, na akikataa usimbembeleze.

Njia ya pili ni shamba la mtu. Kuanzia Gede hadi Watamu ni minazi, miembe na mikorosho, na wengi mna shangazi au mjomba huko. Mpigieni simu mapema, mpelekeeni sukari na majani ya chai, mpikie uani kwake. Kwa maoni yangu hii inashinda ya kwanza. Kuna kisima, kuna kivuli, na mwenye shamba atawaongezea madafu bila kuombwa.

Nikichukua kahawa kwenye chupa ya chai si basi?

Ni basi kabisa, na ukiwa na watoto wadogo au haraka ya kurudi ndiyo njia bora. Ukiwa ndani ya msitu ni hiyo pekee. Chemsha nyumbani, suuza chupa kwanza kwa maji ya moto, jaza hadi juu. Wanaosisitiza moto wanataka ile raha ya kungoja povu, nami nawaelewa.

Nitumie kuni gani?

Usiokote msituni. Kuni kavu za msitu huu zina utaratibu wake. Wanavijiji wa pembezoni huzikusanya kwa vibali, na wanazihitaji kuliko wewe wa kahawa ya Jumamosi.

Beba vifuu. Sufuria ya lita moja haihitaji zaidi ya vifuu sita au saba vilivyovunjwa vipande, na jikoni kwa mtu wa pwani havikosekani. Kifuu kikavu hushika haraka, hutoa moto mkali, na mwishowe huacha makaa madogo yanayotosha kuiweka kahawa ikiwa moto bila kuchemka. Cha kuwashia ni makumbi yaliyochambuliwa nyuzinyuzi. Viberiti viwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana jasho la mfukoni huviua.

Makuti usiyaguse. Yanawaka kwa kishindo, yanamaliza kazi kwa dakika mbili, na vipande vyake vyenye moto huruka na upepo. Maganda ya korosho pia yaache, yana mafuta makali na moshi wake huwasha macho na koo. Mnyaa nao, ule wa kwenye nyua, utomvu wake ukiingia jichoni utaijutia siku nzima. Na mkoko wa hori la Mida haukatwi kwa ajili ya kahawa, sitaki hata kulijadili.

Mafiga matatu au seredani?

Seredani, au jiko lolote la makaa lenye miguu. Moto unakaa juu ya ardhi, majivu yanabaki ndani, ukimaliza unaondoka na vyote. Mafiga yanapendeza kwenye picha, lakini hapa kwetu mawe mengi ni ya matumbawe, yana matundu yanayonyonya maji. Jiwe la namna hiyo likiwa na unyevu ndani, ukalipasha moto ghafla, maji hugeuka mvuke, mvuke hukosa pa kutokea, na jiwe hupasuka kwa mlio na vigae kuruka. Lililookotwa ufukweni au ukingoni mwa hori ni baya zaidi. Kama huna budi, tumia vipande vya matofali makavu.

Jiko likae penye udongo mtupu, hatua mbili tatu kutoka kwenye nyasi na majani, na lisiwe chini ya matawi yaliyoinama. Ndoo ya maji iwe imejaa kabla ya kiberiti kuwashwa.

Kahawa yenyewe napikaje?

Hapa kila nyumba ina yake na hakuna atakayekubali ya mwenzake. Ya kwangu ni hii. Lita moja ya maji baridi kwenye dele au sufuria nyembamba. Tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba, iponde, usiikate vipande vya urembo. Iliki punje sita, zipasue ili harufu itoke. Vyote vichemke pamoja mpaka maji yabadilike rangi kidogo, ndipo utie kahawa ya kusaga, vijiko vinne vya mezani vilivyojaa. Ukipenda kali tia cha tano.

Sasa usiondoke. Povu litapanda ghafla. Likifika ukingoni inua dele, liache lishuke, rudisha. Fanya hivyo mara tatu. Kisha toa jikoni, nyunyiza maji baridi kijiko kimoja juu yake, na subiri dakika tano ili machicha yatue chini. Mmimina haraka huwapa wenzake machicha na yeye kunywa iliyo safi. Hiyo sijui nani aliwafundisha.

Sukari haiingii. Utamu uko pembeni, kashata, tende au halua. Vikombe viwe vile vidogo vya muuza kahawa, si magi ya chai. Kahawa ya unga wa papo hapo haihesabiwi katika mjadala huu.

Moto nazimaje?

Maji, koroga, maji tena. Mwaga polepole mpaka mlio wa kuzima ukome, chukua kijiti ukoroge majivu hadi chini, kisha mwaga tena. Weka mgongo wa kiganja karibu na majivu, halafu yaguse. Ukihisi vuguvugu, bado.

Kufukia kwa mchanga si kuzima. Watu wa pwani tunapenda sana njia hii kwa sababu mchanga upo kila mahali, lakini unauhifadhi ule moto. Makaa yaliyofunikwa hukaa na joto kwa saa nyingi, na juu yanaonekana ni mchanga tu. Anayekuja kulijua hilo ni mtoto anayepita peku jioni.

Majivu yaliyopoa yatie kwenye mkebe urudi nayo nyumbani. Machicha ya kahawa pia, yatamwagwa kwenye mpilipili.

Lazima niwe na mwelekezi?

Kwa njia fupi za karibu na kituo, uliza hapo hapo. Kwenda ndani zaidi, ndiyo, chukua. Njia za mchanga zinafanana na ni rahisi kupotea. Humu mna ndovu pia, na nyati wachache.

Mwelekezi mwenyeji ataona kinyesi kibichi na tawi lililovunjwa leo asubuhi wakati wewe unatazama simu. Akisema turudi, rudini. Msizungumze kwa sauti, msipige muziki, na msisogee ili kupata picha.

Halafu kuna ndege, na hapo ndipo pesa ya mwelekezi inarudi. Bundi mdogo wa Sokoke ana urefu usiozidi shubiri, na mchana hujificha kwenye vichaka vya udongo mwekundu, rangi yake ikiwa ya kijivu au ya kutu kama majani yaliyomzunguka. Unaweza kusimama mbele yake ukaambiwa "yule pale" na usimwone. Waelekezi hujua analala kichaka gani. Yuko pia kwera wa Clarke, mwenye manjano na kichwa cheusi, ambaye haonekani nje ya Kaunti ya Kilifi. Kundi lake huhamahama kati ya mirihi ya hapa na ile ya Dakatcha, kaskazini-magharibi ya Malindi.

Nianze saa ngapi?

Muwe kituoni kabla ya saa moja asubuhi. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili, na ndege hunyamaza ikigonga saa tatu au nne. Tembeeni mpaka saa nne na nusu, mrudi kivulini, mpike. Wanaoanza saa tano hutembea kwenye tanuri kisha hulalamika kwamba msitu hauna wanyama.

Msimu gani mzuri?

Mvua za masika huanza Aprili na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi. Njia zinajaa maji na mbu ni wengi, lakini vipepeo ni tele. Kuanzia Julai hadi Septemba kuna upepo wa kusi, hewa ni ya baridi kidogo, na kutembea ni raha. Disemba hadi Machi ni kaskazi, jua kali na majani makavu kabisa. Huo ndio wakati wa kubeba chupa ya chai na kusahau moto.

Nivae nini?

Suruali ndefu ndani ya soksi, kwa sababu ya siafu na kupe. Viatu vya kufunika vidole. Shati la mikono mirefu la rangi ya kaki au kijani. Usivae buluu iliyokolea wala nyeusi, mbung'o wapo na hizo ndizo rangi zinazowavuta. Dada zangu wenye buibui, miiba itawashika kila hatua. Dera fupi juu ya suruali na mtandio mwepesi linasitiri vilevile. Leso mbili kila mtu, moja ya kukalia na moja ya jasho.

Ukiona maganda yenye manyoya ya rangi ya kahawia yakining'inia kando ya njia, ni upupu. Pita mbali. Yakikugusa usikune wala kusugua, maana vinyweleo vinazidi kuzama. Bandika selotepu uvivute.

Na nyoka?

Wapo, na wengi wataondoka kabla hujawaona. Wa kuchunga ni kifutu, kwa kuwa yeye haondoki. Hulala kati ya majani rangi moja nayo, akangoja. Kwa hiyo gogo likikatiza njia, panda juu yake kwanza utazame upande wa pili ndipo ushuke. Usitie mkono usipoona.

Mtu akiumwa, mkalishe, avue pete na saa, kiungo kisitikiswe, na apelekwe hospitali kwa gari mara moja. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze muda kumsaka nyoka. Watamu wapo Bio-Ken, watu wa nyoka, ambao wanaijua kazi ya dawa za sumu. Waelekezi wengi wana namba yao.

Maji na chakula?

Lita tatu kwa kila mtu, mbali na za kahawa na za kuzimia moto. Msituni hakuna mto wa kutegemea, na vidimbwi vilivyopo ni vya ndovu. Chakula kiwe cha kushika mkononi, kama mahamri, viazi karai, mayai ya kuchemsha, machungwa. Mbaazi za nazi huchacha ikifika saa saba, zileni kwanza.

Sala ya adhuhuri tutaswali wapi?

Popote pasafi penye kivuli pale kituoni. Kibla kutoka huku ni kaskazini, karibu moja kwa moja, kwa sababu Malindi na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Bebeni chupa ya maji ya udhu ya peke yake. Mwezi wa Ramadhani ahirisheni. Joto na kiu vitawashinda, na kahawa mtaipikia nani?

Naweza kwenda kayani badala yake?

Kaya za Mijikenda, yaani misitu ya vijiji vyao vya kale, ni mahali patakatifu. Kumi kati yake ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini wenyewe ni wazee wa kaya. Unaingia kwa idhini yao na kwa masharti yao, unavua viatu ukiambiwa. Si mahali pa pikiniki.

Magofu ya Gede na Kipepeo tunaweza kuunganisha siku hiyo hiyo?

Ndiyo, viko pamoja na ni karibu na kituo. Mji wa Gede uliachwa katika karne ya 17. Uchimbaji mkubwa ulianza 1948, na mwaka 2024 uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nendeni alasiri, miti mikubwa iliyoota kati ya kuta ina kivuli kizuri. Fungeni mifuko, tumbili na kima wa pale wanazijua zipu. Moto hapo hata usifikirie.

Mradi wa Kipepeo ulianza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu hufuga viwavi na kuuza mabuu yanayopelekwa ng'ambo, na wanauza asali pia. Nunueni asali, inakwenda vizuri na mahamri.

Sisi wa Lamu, hatuwezi kwenda Boni?

Msitu wa Boni ni mzuri na una paa nunga wengi kuliko huku, lakini hali ya usalama imeufanya usiwe mahali pa matembezi kwa miaka mingi. Kwa siku moja, tembeeni vilima vya mchanga vya Shela asubuhi mapema, na kahawa iwe ya chupa. Chini ya mchanga ule ndiko yaliko maji ya visima vya mji, kwa hiyo msiache hata ganda la chungwa. Mkitaka miti, pandeni basi la Mokowe hadi Malindi, mlale, mwende Gede alfajiri. Kwenda na kurudi siku moja ni mateso.

Watoto wanaruhusiwa?

Ndiyo, kuanzia umri wa kutembea saa mbili bila kubebwa. Wapeni kazi ya kuhesabu vipepeo. Jikoni wasikaribie.

Na mbwa wangu?

Abaki nyumbani.